Kumbukumbu ya Hiace yangu ya safari: betri kipindi cha masika

Machi 9

Nimeipaki jana nyuma ya nyumba hapa Buhongwa, Mwanza, itakaa mpaka mwisho wa Mei maana masika ikishakolea zile njia za vijijini ninazozipenda kule Sengerema zinakuwa tope tupu. Kwa mgeni wa hii kumbukumbu, ni Hiace ya zamani, siti zote za nyuma nimetoa nikaweka kitanda, jiko la gesi na kafriji kadogo. Ina betri mbili, N70 (ni saizi ya betri) ya kuwashia gari na nyingine ya sola Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba) ya taa na friji, juu ya bodi kuna paneli ya wati 100.

Mwaka jana niliifunika turubai gari zima, paneli ikiwemo, nikasafiri kikazi miezi mitatu. Narudi napiga stata, kimya, hata taa za dashibodi haziwaki, mita inasoma volti 10.4. Betri ya mwaka mmoja tu hiyo, na hela yake niliidunduliza, iliniuma sana. Betri ya asidi ikikaa tupu muda mrefu salfeti inagandia kwenye bamba za risasi inakuwa ngumu, ukija kuchaji haipokei tena. Wenzetu wa Ulaya wanaofungia magari kama haya msimu wa baridi wana balaa jingine, betri tupu inaweza kuganda barafu ikapasuka kasha. Huku kwetu adui ni joto, likiongezeka nyuzi 10 tu betri inajimaliza yenyewe karibu mara mbili ya mwanzo.

Machi 10

Leo nimemsaka mwizi wa chaji. Nimefungua waya wa hasi kwenye N70, mita nikaiweka katikati ya teminali na waya, funguo imetolewa, milango imefungwa. Ikasoma ampea 0.09. Unaweza kuona ni kidogo ila piga hesabu, mara saa 24 ni Ah 2 na kitu kwa siku, mwezi mmoja unakaribia Ah 65, yani N70 nzima imekwisha bila gari kusogea hata hatua. Nikawa natoa fyuzi moja moja huku naangalia mita, nilipotoa ya redio ikashuka papo hapo hadi 0.02. Fundi aliyeifunga aliunga waya moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi ya funguo, kwaiyo redio ilikuwa haizimi kabisa, na mi nilimlipa kazi kamili.

Teminali zilikuwa na ule unga wa kijani, nimeosha na magadi soda na maji ya moto, nikakausha nikapaka grisi. Waya wa hasi nimeuacha nje.

Machi 30

Mzee jirani, aliendesha malori miaka mingi, kaniita. Shikamoo mzee. Marahaba baba, mbona hilo gari huliwashi hata dakika tano asubuhi betri ijichaji? Nikamweleza taratibu kwamba dakika tano za sailensa, yani injini inaunguruma tu gari limesimama, hazitoshi kurudisha betri ijae, na injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, bora niitoe niichaji nje. Akasema basi uje unionyeshe hiyo mita. Tumepima wote, N70 volti 12.52, ya sola 12.7 maana safari hii turubai limeishia kwenye vioo, paneli iko wazi.

Aprili 19

N70 imeshuka 12.41, hiyo ni kama robo tatu ya chaji, sisubiri zaidi. Nimeipeleka kwa wanaochaji betri. Kijana akataka aweke ampea kubwa imalizike saa mbili, nikamwambia kaka tulia, weka ampea 6 ilale mpaka kesho, ukiichemsha maji yanakauka na bamba zinapinda. Kabla ya hapo nimefungua vifuniko, seli mbili maji yalikuwa yameshuka mpaka usawa wa juu wa bamba, nimeongeza maji ya betri yale safi, ya bomba hapana.

Gesi nimefunga kwenye mtungi, mlango wa friji uko wazi usishike ukungu.

Mei 24

N70 12.64, ya sola 12.7. Nimerudisha waya, chanya kwanza kisha hasi, nikapiga stata mara moja tu ikawaka, mzee jirani akapiga makofi kule barazani kwake. Matairi yameshuka upepo kidogo, kesho najaza, Jumamosi navuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema.