Kazini kwangu ni hatua 18

Kila asubuhi nawaaga mapasa wangu, yaani watoto wangu pacha, mlangoni. Nimevaa viatu, si kandambili, na mkoba uko begani. Wananipungia mikono, huyu akitaka kupunga juu zaidi ya mwenzake, maana hata katika kuaga wanashindana. Natoka getini, nakata kushoto, nazunguka ukuta wa jirani ambaye ameshazoea kichaa changu, kisha naingia kwa mlango mdogo wa nyuma wa lupango, yaani kiwanja, letu hilohilo. Hapo kuna chumba tulichokuwa tukiwekea makala, yaani mkaa. Ndiyo ofisi. Kutoka jikoni hadi humo, ukipita moja kwa moja, ni hatua 18. Mimi natembea kama 200, kwa sababu mapasa wana miaka miwili na nusu, na siku wakijua mama yuko hatua 18, hakuna hesabu itakayofungwa.

Dada mmoja ninayeimba naye kwaya aliniuliza juzi: "Ulifanya je, ukapata kazi ya ku nyumba?" Nilimjibu nusunusu, basi lilikuwa limeshafika. Nimalizie hapa.

Ila nianze na neno lenyewe. Hapa Lubumbashi, Kongo, kazi ni kitu cha kutoka. Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Siku ilianza kwa king'ora, na mwanaume aliyeonekana nyumbani baada ya king'ora alikuwa ama mgonjwa ama amefukuzwa. Kazi ilileta nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Baba akamfuata kwenye shaba. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Muda mrefu baadaye aliendelea kuvaa shati la kazi kila asubuhi, akaketi chini ya mwembe. Sisi watoto tulipita pale kwenda masomo na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Kwa hiyo mtu akiniambia "weye uko tu ku nyumba", kwangu si neno dogo.

Mimi nilikuwa mhasibu msaidizi katika duka moja mjini. Mtoto wa kwanza alipozaliwa nilipumzika wiki 14 ambazo sheria ya kazi ya 2002 inampa mama, kisha nikarudi. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha nusu saa mara mbili kwa siku, nazo zinahesabiwa kama muda wa kazi. Nilifurahi sana nilipoisoma. Halafu nikajaribu kuitumia. Kutoka mjini hadi kwetu Katuba unapanda basi ambalo haliondoki mpaka lijae. Nusu saa yenyewe ingeisha tukiwa bado tunangoja abiria wa mwisho. Nikaishia kukamua maziwa chooni na kuyamwaga, mara mbili kwa siku, kama sheria inavyosema.

Mapasa walipokuja nilichukua karatasi. Mshahara: dola 280. Binti wa kuangalia watoto watatu: 80, na anakula kwetu. Usafiri: 45. Maziwa ya kopo ya vinywa viwili ambavyo ningekuwepo vingenyonya bure: 70. Chakula changu cha mchana: 25. Zinabaki 60. Kwa dola hizo 60 nilikuwa nje ya nyumba kwa muda wa saa kumi na moja kila siku. Bwana yangu aliitazama ile karatasi, akaigeuza upande wa pili kana kwamba kuna kitu nimeficha nyuma, akaniambia niamue mwenyewe. Niliacha kazi mwisho wa mwezi.

Miezi minne iliyofuata nilitafuta kazi kwenye simu, usiku, mtoto mmoja kifuani na mwingine mgongoni. Sipendi kuikumbuka. Kundi moja la WhatsApp liliahidi dola 15 kwa siku kwa kunakili maandishi kutoka kwenye picha, ila kwanza ulipe dola 20 za mafunzo. Nikalipa. Mimi, mhasibu! Ilikuwa saa nne usiku, watoto wana homa, na naamini uchovu ndio uliobonyeza ile namba ya siri. Siku ya tatu kundi halikuwepo tena. Bwana yangu bado hajui ni 20, nilimwambia 5. Sasa amejua.

Baadaye mtafiti mmoja alinipa mahojiano aliyoyarekodi na wazee wa mtaani, niyaandike neno kwa neno. Alilipa kwa dakika za sauti. Saa moja ya sauti ilinichukua saa sita, wakati mwingine saba, maana wazee wetu huanza sentensi kwa Kiswahili, huipitisha kwenye Kifaransa na kuimalizia kwa Kibemba, tena huku wanatafuna. Lakini niliipenda kazi ile. Unaweza kuikata katikati, ukambadilisha mtoto nguo, ukarudi ukamkuta mzee bado amefungua mdomo anakungoja. Ilikwisha baada ya miezi mitatu.

Kazi iliyokaa sikuipata kwenye intaneti hata kidogo. Ilitoka kwenye gunia la unga.

Kuna mama anayeuza unga wa mahindi karibu nasi. Mzigo anaufuata Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Siku moja nimeenda kununua unga, nikamkuta amekasirika juu ya kaye yake, daftari la hesabu: anauza sana, feza haionekani. Nilimwomba niione. Bei ya kununulia ilikuwa kwa kwacha, ya kuuzia kwa faranga, na faida alikuwa anaihesabu kichwani kwa dola. Kati ya hizo tatu hakuna mahali alipoandika siku hiyo dola ilibadilishwa kwa ngapi. Faranga ilikuwa inashuka, yeye anauza kwa bei ya wiki iliyopita, na kila akirudi mpakani feza ileile inanunua magunia machache zaidi. Niliketi juu ya gunia jioni mbili, nikachora safu moja tu ya ziada: bei ya dola ya siku. Mwezi aliouita mzuri kuliko yote ulikuwa mwezi aliouza mwingi na kubaki na sifuri. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa natumikia barabara." Alinilipa gunia la kilo 25. Mwezi uliofuata akanilipa kwa feza, na akaniambia nije kila mwisho wa wiki.

Wafanyabiashara wanasengenyana kuliko kwaya. Kabla ya mvua kuanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaja kuniulizia. Yeye shida yake ilikuwa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ambayo lazima itangazwe kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Alikuwa anachelewa kila mwezi na kulipa faini. Alitaka niende kukaa dukani kwake. Nilimwuliza: tarehe 22 nitakuwa nafanya nini pale dukani? Akafikiri. Hakuwa na jibu. Tukakubaliana aniletee fakitire, yaani ankara, na risiti zote, mimi nimpe karatasi zikiwa tayari tarehe 13, na kati ya hapo asiniulize niko wapi.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la miezi minne. Nilikuwa natafuta kazi isiyo na saa, nayo haipo, au ni ya wezi. Nilichohitaji ni kazi yenye tarehe. Mtoto mwenye homa hawezi kungoja hadi saa kumi, lakini risiti za saruji zinaweza kungoja hadi kesho usiku. Ukitafuta, dada yangu, usiulize "wananiruhusu kufanyia nyumbani?" Uliza wanachokitaka kinatakiwa siku gani. Akikuambia kila wakati, kimbia.

Mteja wa tatu yuko Kinshasa, ndugu wa huyu wa saruji, na huyo ana saa zake. Lakini Mungu aliipanga nchi hii vizuri: Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Anapofungua ofisi saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tatu. Mtoto wangu mkubwa ameshafika masomo tangu saa moja na nusu, mapasa wameoga, wamekunywa uji, wamenipungia mkono, nami nimezunguka ukuta. Naitika simu ya kwanza nikiwa kama mtu aliyelala vizuri. Amewahi kunisifu kwamba mimi huwahi sana. Sikumweleza jiografia.

Ile saa wanaidai jioni, lakini. Yeye anafunga saa kumi na moja, kwetu ni kumi na mbili, na watu wa Kinshasa hukumbuka mambo muhimu dakika ya mwisho. Bukari, yaani ugali, iko motoni, mwiko uko mkononi, nayo bukari ukiiacha haikusamehi. Nimeshajadili malipo ya wasambazaji huku nasonga. Aliuliza ile sauti ni ya nini, nikasema ni mafundi.

Kuhusu umeme siwezi kumfundisha mtu wa hapa. Unarudi saa tisa usiku, nami naamka saa tisa usiku. Kompyuta ina betri ya saa tatu, simu ndiyo inayoipa intaneti, na mega, yaani vifurushi vya intaneti, nanunua kwa mwezi nikiwa na feza, kwa siku nikiwa sina. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni mabati. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, mvua ya alasiri ikipiga kwenye bati za kile chumba, simu haiwezekani kabisa. Ungedhani mteja anakusikia ukikaanga samaki. Basi mazungumzo yote nayaweka asubuhi, alasiri ni ya kuandika.

Feza inakuja kwa simu, kwenye laini ambayo si ile ya nyumbani, la sivyo inageuka nyanya kabla sijaiona. Kiasi kikubwa kinaenda benki. Mama yangu alipotaka kufungua akaunti miaka ya 1990 alihitaji karatasi ya baba, kwa sababu Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke awe na ruhusa ya mume. Hilo liliondolewa na sheria ya Julai 2016. Nilipofika mimi dirishani, miaka kadhaa baada ya sheria hiyo, karani aliniuliza kwa upole kabisa: "Na bwana, anajua?" Nikamwambia anajua, yuko nyumbani anaangalia mapasa. Alinitazama kwa muda kuliko alivyotazama kitambulisho.

Aliyenisumbua zaidi, na aliyeniokoa, ni mama mukwe. Alipohamia kwetu aliniona nimeketi mbele ya kompyuta sebuleni, wakati huo bado sijahamia kwenye makala. "Ile kazi ya kuikala njo kazi gani?" Na kwa kuwa nimeketi, nilitumwa. Mara niangalie maharagwe, mara niende kwenye ligablo, kile kibanda cha duka, kununua chumvi, mara jirani aniachie mtoto wake "dakika mbili". Kuna siku nilikuwa na watoto watano mezani, na tarehe ilikuwa 14. Sikujua kumkatalia mtu, maana hata mimi, moyoni, nilijiona baba chini ya mwembe.

Sikumweleza kwa maneno. Mwisho wa mwezi nilimpa bahasha yenye dola 40, nikamwambia ni mshahara wake wa kunisaidia na watoto asubuhi, kama nilivyokuwa nikimlipa binti. Alikataa mara mbili, kama inavyopasa. Mara ya tatu aliikunja akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kesho yake jirani alikuja na mtoto wake, nikamsikia mama mukwe getini: "Mama yao alienda ku kazi. Atarudia mangaribi." Nami nilikuwa ndani nasikia kila neno. Hata wazo la kuzunguka ukuta ni lake.

Si kwamba linafanikiwa siku zote. Mwezi uliopita nilisahau, nikavaa kandambili nyekundu, nikaziacha nje ya mlango wa ofisi. Pasa mmoja, yule mdogo, ambaye ndiye mpelelezi, alizikuta. Hakulia. Aliketi juu yake akaanza kuniita, polepole, bila kukasirika, kama mtu aliye na siku nzima. Nilikuwa na Kinshasa kwenye simu. Nilivumilia dakika nne. Kisha nikafungua, akaingia, akapanda mapajani, akamwambia mteja wangu "allo". Yule bwana akacheka, akasema naye ana wawili, na mmoja wapo anapenda kujificha chini ya meza yake saa hizi hizi. Kumbe na yeye yuko nyumbani.

Sasa ni saa tisa na nusu usiku na umeme umerudi. Kesho ni tarehe 13. Huyu wa saruji ameniletea risiti za wiki ya mwisho kwenye mfuko mtupu wa saruji, nusu zimeganda vumbi. Naanza kuzipiga brashi.