Kama Kiriba Katika Moshi

Wapendwa, Bwana asifiwe. Tafakari ya wiki hii naiandika huku bado nakohoa kidogo, mnivumilie.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, mimi, mke wangu na binti yetu. Safari ilikuwa ya kilomita zaidi ya 600, ya kutwa nzima. Habari za moto wa msituni tulikuwa nazo, tena tuliuliza kabla ya kutoka tukaambiwa barabara iko wazi na moto wenyewe uko mbali, ng'ambo ya milima. Basi nikajisemea, moto uko kwao huko, sisi tunapita zetu. Moshi sikuuwaza kabisa. Moto huweza kukomea mtoni, lakini moshi hauulizi mpaka. Juni 2023, misitu ilipokuwa ikiwaka Kanada, watu wa New York waliona anga yao ya mchana ikigeuka rangi ya chungwa, na huo moto uko mamia ya kilomita kutoka walipo.

Saa tatu asubuhi hivi, binti akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Baba, ule ni mwezi?"

Lilikuwa jua. Jekundu, dogo, halina miale, kama kitu kilichobandikwa. Nikamweleza kwamba chembe za moshi hutawanya mwanga wa buluu, kinachotufikia ni ule mwekundu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, lakini silipendi." Mimi pia sikulipenda.

Baada ya hapo moshi ukashuka barabarani. Niliwasha taa kubwa nikidhani nitaona zaidi, kumbe nimejijengea ukuta mweupe mbele ya macho, maana moshi unaurudisha mwanga wote kwako. Nikazishusha. Majivu yakaanza kutua kwenye kioo, mepesi kama vumbi la chaki, na mimi kwa haraka zangu nikarusha maji na kuwasha waipa. Jamani, msifanye hivyo. Ule unga uligeuka tope la kijivu, likapakwa kioo kizima, na kwa sekunde kadhaa nikawa naendesha kwa imani tupu, na si ile imani ya kusifiwa.

Madirisha tulikuwa tumefunga, kiyoyozi tukakiweka kizungushe hewa ya ndani tu. Inasaidia, ila ukikaa hivyo muda mrefu hewa inachoka na usingizi unakuja, kwa hiyo kila moshi ulipopungua kidogo tulifungua, tukavuta pumzi, tukafunga. Mke wangu alijifunga kitambaa puani. Hakikumfaa sana, zile chembe mbaya za moshi ni ndogo mno, hazifiki maikromita 2.5, na unywele mmoja wa kichwani unazizidi upana kama mara 30. Kitambaa kwao ni mlango uliofunguliwa.

Tuliomba, bila shaka. Mke wangu aliomba kwa sauti, Bwana auondoe moshi. Nikajaribu kufikiria ile nguzo ya wingu iliyowatangulia Israeli, nikaacha. Wingu lile lilikuwa linaongoza. Huu moshi haukuniongoza popote, ulinificha tu barabara niliyokuwa naijua. Nilichokuwa nacho ni ule mstari mweupe wa pembeni mwa lami, kama mita kumi zake, zikiisha zinatokea nyingine. Tulikwenda hivyo kwa karibu saa nne. Moshi haukuondoka. Tuliomba tena, na haukuondoka.

Hapo ndipo mke wangu, macho yanamtoka machozi, aliposema, "Kuna mtu kwenye Zaburi alisema amekuwa kama kiriba kwenye moshi. Leo nimemwelewa."

Ni Zaburi 119:83. "Maana nimekuwa kama kiriba katika moshi, sikuzisahau amri zako." Kiriba ni mfuko wa ngozi ya mnyama wa kubebea maji au divai. Ukiutundika ndani ya nyumba inayowashwa moto na haina pa kutolea moshi, ngozi inakauka, inajikunja, inakuwa nyeusi kwa masizi. Hauungui, maana moto haukuugusa. Ila ukiutazama hutajua tena ulikuwaje ulipokuwa mpya. Na mistari iliyoutangulia inasema nafsi yake imefifia kwa kungoja, na macho yake pia yamefifia, anauliza Mungu atamfariji lini. Halafu unaofuata anauliza siku zake zimebaki ngapi. Katika mistari ile minane, 81 hadi 88, hakuna hata mmoja unaosema moshi uliondoka.

Nilifika nikiwa nafikiria shuhuda zetu. Sisi tunapenda Danieli 3, na nina haki ya kusema hivyo maana nimeihubiri mara nyingi: Shadraka, Meshaki na Abednego wanatoka tanuruni na hata harufu ya moto haikuwapata. Ni kweli, Mungu alifanya hivyo, na ajuaye kufanya hivyo ni yeye. Lakini tumeifanya kuwa ndiyo aina pekee ya ushuhuda tunaoupigia makofi. Mtu wa kiriba tunamwambia asubiri kwanza, atashuhudia akishavuka.

Miezi michache iliyopita, kwenye maombi ya katikati ya wiki, ndugu mmoja alisimama. Ana mgonjwa nyumbani kwa miaka. Akasema, "Sina ushuhuda. Nimechoka sana. Ila nimekuja, na asubuhi nimesoma Neno." Akakaa. Tukaitikia amina, ile ya adabu, na mimi niliyekuwa naongoza nikamwita haraka aliyefuata, dada aliyepata kazi, na hapo nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Ile amina ndogo imenirudia wiki nzima. Yule ndugu alitusomea Zaburi 119:83 kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nikadhani amekosa la kusema.

Jumatatu nilimpigia simu. Sikumhubiria chochote. Nilimwambia tu kwamba siku ile nilimkatiza, na kwamba namwomba msamaha. Akacheka, akasema hata hakumbuki. Kisha akakaa kimya kwa muda, akaniuliza, "Mchungaji, una nafasi ya kuja kukaa nasi kidogo?"

Nilikwenda jioni ile ile. Koti nililovaa ni lile la safari. Lilikuwa limefuliwa mara mbili, na mgonjwa alipolisikia harufu akatabasamu, akauliza nimetoka kuchoma nini.