Kopo Jekundu

Mwaka 2017 niliiogopa rangi nyekundu. Kina mama tuliokutana hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya saratani ya matiti tulikuwa na dawa tuliyoiita "ile nyekundu", na kila mmoja alijua ni ipi. Kwenye karatasi iliandikwa doksorubisini. Nesi alikaa kando yangu akaisukuma kwa bomba la sindano, taratibu mno, macho hayabanduki kwenye mshipa, maana ikivuja nje inaunguza nyama. Mimi niligeukia ukutani. Ukifika nyumbani, hata mkojo unatoka mwekundu. Ikafika mahali nikiona jagi la juisi ya rozela, natapika.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Kwao ni Tunduru, alikotoka Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Shemeji alinikuta barazani, kitambaa kichwani, nahesabu siku. Dozi ilikuwa kila baada ya siku 21: wiki ya kwanza nalala, ya pili naanza kula, ya tatu naisubiri nyingine kwa hofu.

"Shemeji, hiyo wiki ya tatu nipe mimi," akasema.

Daktari aliruhusu, mradi nikae penye upepo na nisiguse tina, ile ya kuzimulia rangi. Basi tukakaa chini ya mwarobaini. Siku ya kwanza nilipaka ubao mzima manjano, basi, kisha unangoja ukauke hadi kesho. Kungoja nilikuwa nakujua tayari, lakini huku kulikuwa kutamu. Ziwa langu la kulia lilikuwa limeshaondolewa na mkono wa upande huo haukupanda juu, kwa hiyo ubao niliulaza mapajani. Kumbe wachoraji wengi nao hukaa hivyohivyo.

Nilichora jogoo. Mkia wa kijani, mbawa nyeusi zenye vidoti vyeupe. Vile vidoti nilivipenda kuliko kitu chochote mwaka ule. Unachovya, unagusa, unainua, na ukivuta pumzi vibaya kinaharibika. Nilivipiga saa nzima bila kuwaza hospitali. Ila jogoo alikaa siku tatu hana upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, na shemeji hakuuliza.

Jioni ya kuamkia dozi ya nne, ya mwisho ya ile nyekundu, nilichukua bisibisi nikafungua kopo mwenyewe. Juu kulikuwa na utando umekauka. Nikautoboa. Rangi iliyokuwa chini yake ilikuwa nzito kama uji, ina harufu ya gereji. Ile ya hospitali ilikuwa nyepesi, inapenyeza mwanga kama sharubati. Nilizifananisha miezi miwili bila kuitazama hata moja.

Jino la tatu la upanga lilichuruzika kwenye manjano. Nikashika kitambaa.

"Liache, shemeji. Likauke."

Asubuhi nesi alinigeuza mkono kutafuta mshipa, akaona wekundu kwenye kucha.

"Nini hii, mama?"

"Upanga wa jogoo."

"Wa kufuga?"

"Wa kuchora."

Akavuta kiti karibu, akataka nimweleze jogoo mwenyewe yukoje. Nikamweleza kuanzia mkiani, naye anasukuma, mpaka bomba likaisha nikiwa naliangalia.