Tone Moja la Bluu

Mwaka 2014 mashine ya boti ya mjomba ilizimika katikati ya Bwawa la Mtera, jua likizama. Mtera ina viboko na mamba. Giza likiingia kila mvuvi anataka awe nchi kavu. Alipiga kasia hadi viganja vikachubuka. Wiki iliyofuata akaniletea mashine Dodoma mjini, Chang'ombe, nilikokuwa nikitengeneza pikipiki.

Ilikuwa Yamaha ya zamani, nguvu farasi 15, ile ya kuchanganya petroli na oili. Nilipong'oa flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka juu ya mashine, nikaona kisa chote. Skrubu moja ya kushikia bamba la koili, ile inayotoa umeme wa cheche, ilikuwa imelegea, ikatoka, sumaku za flaiwili zikaidaka na kuizungusha mle ndani hadi ikachana koili. Skrubu isiyofika urefu wa ukucha! Aliyeifungua mashine kabla yangu alirudisha skrubu kavu, bila gundi, na mashine inayozunguka kama mara 5,000 kwa dakika haina huruma na skrubu kavu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, maana mtu alikuwa juu ya maji.

Koili, ringi na gasketi nilipata. Dukani nikachukua pia Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu zisilegee. Muuzaji alinisukumia nyekundu, eti ndiyo kali, nikakataa. Nyekundu hung'oi mpaka uichome moto, na bamba lile lingefunguliwa tena siku moja.

"Mpwa wangu, chupa yenyewe nusu," mjomba akasema. "Umepunjwa."

Nikamweleza kwamba hutoka kiwandani hivyo. Hewa ndiyo inayoiacha iwe majimaji. Ikibanwa kati ya chuma na chuma, hewa ikakosekana, inaganda.

Nilisugua nyuzi za skrubu kwa brashi ya waya, nikaosha kwa petroli. Mjomba akachukua skrubu moja, akaipitisha kati ya vidole. "Bado inateleza." Alikuwa sahihi, na gundi ile haishiki penye mafuta. Nikarudia kwa thina, skrubu zote, na matundu yake pia, nikaacha zikauke. Kisha tone moja moja, nikakaza. Juu ya kila kichwa nikachora mstari kwa rangi ya kucha ya dada yangu, ukapita hadi kwenye bamba, ili skrubu ikilegea mstari ukatike. Nati kubwa ya flaiwili sikuipaka kitu: koni, pale flaiwili inapokalia shafti, hukaa safi na kavu.

Mjomba alitaka basi la alfajiri.

"Samahani mjomba, mpaka kesho kutwa. Inataka saa 24."

"Nyavu zangu ziko majini!"

"Najua, mjomba."

Hakuniaga alipokwenda kulala. Lakini alisubiri.

Mwezi mmoja baadaye nilimfuata Mtera na kifaa cha kuvutia flaiwili. Tuliifungua ufukweni, perege wakikaangwa pembeni. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa imenyooka vilevile, hakuna uliokatika. Mjomba aliinama, akaitazama mmoja mmoja, akaufuta mkono kwenye shati.

"Funga," akasema. "Twende tukavue."