Baba A, mama B, mtoto O

Leo kipindi cha biolojia kimenigusa sana, jamani.

Tulikuwa tunamaliza Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, na njegere zake: aleli (matoleo ya jeni moja) mbili, moja inatawala, nyingine inajificha. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono taratibu.

"Mwalimu, baba ni kundi la damu A, mama B, mimi O. Inawezekana?"

Darasa zima kimya.

Nikamwita ubaoni achore mwenyewe jedwali la urithi. Jeni ya ABO, inayoamua kundi la damu, ina aleli kuu tatu: A na B zina nguvu sawa, O hufichwa na zote mbili. Tuseme baba ni AO (ana A, na O imejificha), mama BO.

Akajaza visanduku: AB, A, B… chaki ikasimama kwenye cha mwisho.

OO.

Mabega yakamshuka, akatabasamu hadi jino la mwisho.

Sikuishia hapo. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza kuhusu watu ambao jeni nyingine kabisa, H, inayoandaa msingi wa kujengea A na B, haifanyi kazi kwao. Bila H, hata aleli ya A au B ikiwepo haina cha kufanyia kazi, na kipimo cha kawaida husoma O! Inaniuma mno mama akishutumiwa kuwa mtoto si wa baba kwa sababu ya kundi la damu peke yake.

Nyie je, makundi yenu na ya wazazi wenu yakoje? Andikeni hapo chini tuchore pamoja.