Edgar Allan Poe na Hesabu za Hofu

Wapenzi wengi wa hadithi za kutisha wanamjua mwandishi wa Kimarekani Edgar Allan Poe kwa sura moja tu: mwanamume mwenye macho ya huzuni, mlevi na fukara, aliyekufa kifo cha kutatanisha. Sura hiyo haikosi ukweli, lakini kwa maoni yangu imemdhulumu, kwa kuwa inatufanya tuamini kwamba hofu iliyomo katika maandishi yake ilimwagika tu kutoka katika akili iliyovurugika. Mimi kila ninapomsoma namwona fundi aliyepima kila silabi kabla ya kuiacha ipite.

Alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809, mtoto wa waigizaji wa jukwaani. Baba aliitelekeza familia, na mama akafariki mjini Richmond, Virginia, mwezi Desemba 1811, kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Alilelewa na John Allan, mfanyabiashara wa mji huo, ambaye alimpa jina lake lakini hakumfanya mwanawe kisheria, na ambaye alipofariki mwaka 1834 hakumwachia urithi wowote. Kati ya hapo Poe alikuwa amekwisha kuacha Chuo Kikuu cha Virginia kwa sababu ya madeni ya kamari, kujiunga na jeshi kwa jina la uongo, na kufukuzwa katika chuo cha kijeshi cha West Point.

Baada ya hayo aliamua kuishi kwa kalamu, uamuzi uliokaribia wazimu katika Marekani ya wakati ule. Sheria ya hakimiliki haikuwalinda waandishi wa nje, hivyo wachapishaji waliweza kuchapa vitabu vya Waingereza bila kulipa chochote, na hawakuona sababu ya kumlipa mwandishi wa nyumbani. Riziki ilikuwa katika majarida. Poe akawa mhariri na mhakiki huko Richmond, Philadelphia na New York, akajulikana kwa ulimi mkali uliomjengea maadui. Nadhani ni majarida hayo yaliyomfundisha kuandika kwa ufupi: alishikilia kwamba hadithi nzuri ni ile inayosomwa kwa kikao kimoja, na kwamba kila sentensi, tangu ya kwanza, lazima itumikie athari moja aliyoikusudia mwandishi.

Kanuni hiyo inaonekana wazi katika "The Tell-Tale Heart" ya mwaka 1843. Msimulizi anamuua mzee asiye na kosa, kwa sababu tu jicho la mzee huyo linamkera, kisha anajitahidi kutushawishi kwamba yeye ni mzima wa akili, akitoa kama ushahidi umakini alioutumia kuua. Hakuna jini wala mzimu katika hadithi hiyo. Kuna sauti ya mtu mmoja tu, na mapigo ya moyo ambayo huenda hayasikiki na yeyote ila yeye. Ajabu ni kwamba akili hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imemuumba Dupin mwaka 1841, mpelelezi anayefumbua mauaji kwa mantiki tupu, miongo kadhaa kabla ya Sherlock Holmes.

Lakini ufundi wake uko juu zaidi katika "The Raven", shairi la mwaka 1845 kuhusu mwanamume anayemlilia marehemu mpenzi wake Lenore, na kunguru anayeingia chumbani mwake usiku wa manane. Sisi tuliofunzwa vina na mizani tuna bahati ya kuliona kwa jicho ambalo wasomaji wengi wa Kiingereza wa leo wamelipoteza. Ubeti una mishororo 6, kwa hiyo ni tasdisa. Mshororo wa kwanza una mizani 16, 8 kwa 8, kama katika mashairi yetu, isipokuwa kwamba kina cha ukwapi (nusu ya kwanza) kinafanana na kina cha utao wake (nusu ya pili). Vina hivyo hubadilika kila ubeti, ilhali kina cha mwisho cha mishororo mingine mingi ni kimoja katika beti zote 18, karibu kabisa na kile tunachokiita ukara. Mshororo wa mwisho ni mfupi kuliko yote, kama katika msuko, na kuanzia ubeti wa 8 unaishia kwa neno moja la kunguru, la kukana milele. Jibu halibadiliki, kinachobadilika ni maswali. Mwanamume anaanza kwa utani, kisha, akijua fika atakachojibiwa, anauliza iwapo atamwona tena Lenore peponi. Anajichoma mwenyewe kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata Poe alichapisha insha akidai kwamba alilitunga shairi hilo kama mtu anayetatua hesabu, akianzia mwishoni, na kwamba alichagua kifo cha mwanamke mzuri kwa sababu ndiyo mada ya kishairi kuliko zote. Hapo simwamini kikamilifu. Mkewe Virginia, binamu yake aliyemwoa mwaka 1836 akiwa na miaka 13 (ndoa ambayo msomaji wa leo hawezi kuipita bila kukunja uso), alianza kutema damu Januari 1842 alipokuwa akiimba. Shairi lilipotoka alikuwa bado anaugua kifua kikuu, na kilimuua tarehe 30 Januari 1847. Hesabu ilikuwapo, sikatai, lakini mada haikuokotwa rafuni.

Poe mwenyewe alikutwa hoi Baltimore tarehe 3 Oktoba 1849, siku ya uchaguzi, akiwa amevaa nguo zilizoonekana si zake, akafariki hospitalini siku 4 baadaye. Rufus Griswold, mhariri aliyekuwa na kinyongo naye, aliandika taazia ya kumpaka matope kwa jina la bandia, kisha akatunga wasifu uliojaa uzushi na barua zilizoghushiwa. Sura ya mlevi kichaa ilienea kutoka hapo. Ufaransa, kwa upande wake, ilimpokea kama bwana mkubwa: mshairi Charles Baudelaire alitumia miaka mingi kutafsiri hadithi zake, na mwaka 1875 mshairi mwenzake Stéphane Mallarmé akatoa tafsiri ya shairi la kunguru, ikiwa na michoro ya mchoraji Édouard Manet.