Binti yetu alipokwenda kusomea vinu vya nyuklia jeshini: yaliyotuvusha sisi wazazi

Tangu habari zienee kwamba binti yangu amemaliza mafunzo ya nyuklia katika Jeshi la Majini la Marekani, wazazi wenzangu wa Kiswahili huku ughaibuni wamekuwa wakinipigia simu. Wengi hawaulizi mshahara wala cheo. Wanauliza, "Mliwezaje?" Mimi ni dereva wa malori, tunaishi Houston, kwetu Muheza mkoani Tanga. Mke wangu anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga manowari. Tuliyoyajua tuliyapata kwa kuwauliza wazazi wengine mtandaoni, na nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wakati ule niliyatafuta kwa Kiswahili nisiyaone.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo mzazi anapoanza kuhitajika. Kazi ya vinu vya nyuklia haipewi mtu mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi, peke yake. Lazima awe raia. Mkataba wake ni miaka sita, alama za hesabu na fizikia zinaangaliwa kwa makini, na kijana hachukuliwi bila kibali cha kutunza siri za serikali. Fomu ya kibali hicho inataka habari za baba, mama, ndugu na yeyote aliyemlea, hai au marehemu: alizaliwa wapi na lini, ni raia wa nchi gani, anaishi wapi. Binti yetu alilelewa na bibi yake Muheza mpaka alipotufuata huku, kwa hiyo jina la bibi lilipaswa kuandikwa. Na bibi, kama wazee wengi wa kwetu, alijua kwamba alizaliwa mwezi wa mfungo, basi. Kitambulisho chake cha taifa cha NIDA kilikuwa na tarehe moja, kadi ya kliniki ina nyingine. Tuliandika ile ya NIDA, tukaeleza pembeni kwa nini zinatofautiana. Hakuna aliyetusumbua. Mzazi mwenye ndugu Tanzania, Kongo au Kenya aanze kukusanya tarehe hizo mapema, na asifiche ndugu hata mmoja kwa kudhani kwamba ndugu wa nje watamharibia mtoto. Kinachoharibu ni kuficha.

Depo yao iko Great Lakes, jimbo la Illinois. Sitakaa sana hapo, kwa sababu ni wiki chache na zina mwisho unaojulikana. Kuruta anapiga simu fupi ya kusema amefika, kisha kimya. Nguo alizoondoka nazo zinarudishwa nyumbani ndani ya boksi. Mke wangu alilifungua boksi lile mezani, akatoa viatu, akavipanga mlangoni mahali pake pa kawaida. Tukaandika barua. Barua za mkono kuruta anazisubiri kuliko chakula, na hata sentensi tatu zinatosha.

Kazi yenyewe inaanza Goose Creek, karibu na Charleston, South Carolina. Ndipo ilipo shule ya nyuklia. Kwanza mwanafunzi anasomea fani yake, ama mitambo, ama umeme, ama elektroniki. Binti yetu alipangiwa umeme, na hiyo ilichukua karibu nusu mwaka. Kisha inakuja shule ya nguvu za nyuklia yenyewe, nusu mwaka mwingine: hesabu, fizikia, kemia, mionzi, mwendo wa joto na vimiminika, namna kinu kinavyofanya kazi. Baada ya hapo ni nusu mwaka kwenye kinu halisi. Alama ya juu ni 4.0, na ukishuka chini ya 2.5 umefeli. Ukijumlisha na muda wa kusubiri katikati, mzazi ajiandae kwa miaka miwili hivi.

Mzigo wa somo ni wa mtoto. Mzigo wa mzazi ni ukimya. Vitabu na madaftari ni siri, vinabaki ndani ya jengo. Mwanafunzi hawezi kubeba daftari akasomee kitandani. Akitaka kurudia somo, anarudi jengoni, usiku au Jumamosi. Simu haziingii humo. Ndiyo maana unaweza kumwandikia binti yako asubuhi akakujibu saa nne usiku kwa neno moja. Na ukimuuliza, kama tulivyozoea kuwauliza watoto tangu darasa la kwanza, "Leo mmesoma nini?", atakwambia, "Siwezi kusema, Baba." Mazungumzo yamekwisha na bado mnapendana.

Hapo ndipo kundi la wazazi mtandaoni liliponifaa. Karibu wote ni Wamarekani wazaliwa, na mimi nilikuwa nikisoma maandishi yao usiku nikiwa nimeegesha lori kituoni. Mama mmoja wa Ohio, ambaye mwanawe alikuwa ametangulia, alinieleza jambo nililolitumia mpaka mwisho: muulize yale ambayo yuko huru kuyajibu. Ulilala saa ngapi? Umekula nini, na umekula na nani? Mara ya mwisho kutoka nje ya kambi ilikuwa lini? Mimi nikaongeza la kwangu: Ijumaa umeswali wapi? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini majibu yake yanasema mengi. Binti aliyekula na wenzake watatu wakacheka yuko salama hata kama alama zake ni za wastani. Binti aliyekula biskuti peke yake garini kwa siku kadhaa mfululizo, huyo msogelee.

Kundi lile lina masharti, nami nayaunga mkono yote. Huandiki jina kamili la mtoto. Huweki picha ya kitambulisho chake wala ya geti. Hutaji tarehe ya meli kuondoka au kurudi. Anayeyataja, andiko lake linafutwa palepale na anaelezwa kwa upole sababu yake. Kwa Wamarekani ni kanuni rahisi. Kwetu sisi wenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye shangazi, binamu na majirani wa zamani, ni kazi. Dada yangu mkubwa wa Dar alikuwa ameweka kwenye status picha ya binti akiwa na sare, jina kifuani linasomeka, na chini yake ameandika shule na mji. Alifanya kwa fahari na mapenzi. Nilimpigia, nikamwamkia, nikamsikiliza akimsifu mtoto hadi akaridhika, ndipo nikamwambia kwamba mtoto mwenyewe anaweza kuulizwa kazini kuhusu picha ile. Akaitoa kabla hatujaagana, na tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha wengine.

Ukoo ulikuwa na hofu nyingine pia: neno nyuklia. Walidhani mtoto anafundishwa kutengeneza mabomu. Nilimweleza bibi kwa ujumbe wa sauti kwamba kinu kile kinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, meli inakwenda na taa zinawaka. Manowari kubwa za kubeba ndege za aina ya Nimitz zina vinu viwili, na mafuta yake yanabadilishwa mara moja tu katika umri wa meli unaofika miaka hamsini. Bibi akanijibu, "Kumbe mwanangu anachemsha maji. Mwambie asiuache moto peke yake." Binti alicheka mpaka akalia, akaiandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha bweni. Mwalimu wake asingeweza kumpa agizo bora zaidi.

Nilimsimulia bibi pia juu ya Hyman Rickover, amiri aliyeuanzisha mpango huu. Alizaliwa Poland mwaka 1900 katika familia ya Kiyahudi, akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, ilizinduliwa mwaka 1954 na kuanza kwenda kwa nguvu hiyo Januari 1955. Rickover alibaki jeshini hadi 1982. Kwangu mimi baba mhamiaji, ilikuwa na maana kubwa kujua kwamba ukali wa shule ile ulitoka kwa mtoto aliyefika nchi hii bila kujua lugha yake.

Katikati ya shule ya nguvu za nyuklia alama zilishuka. Aliongezewa saa za lazima za kujisomea, akawa anatoka jengoni usiku na kurudi alfajiri. Akapunguza kupiga simu. Siku moja akapiga, akasema, "Baba, siwezi tena," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyechoka tu.

Wazazi wa mtandaoni walikuwa wameshaniandaa kwa simu hiyo, na hili ndilo ninalotaka kila mzazi wa Kiswahili alisikie. Sisi tuna desturi ya kusema "vumilia mwanangu, kila jambo lina mwisho." Ni maneno mazuri, lakini si ya kwanza kusemwa saa hiyo. Nilimuuliza waziwazi, kwa Kiswahili: "Mwanangu, umefikia kuwaza kujidhuru au kujiua?" Mdomo ulikuwa mzito. Wataalamu wanasema kuuliza hivyo hakumwingizii mtu wazo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema. Akanyamaza, kisha akasema hapana, lakini anatamani asiamke kesho yake. Hilo nililichukua kwa uzito kama vile angesema ndiyo. Nilikaa naye kwenye simu, na mama yake akaingia kutoka kazini. Tukampa namba 988, ambayo inafanya kazi Marekani yote usiku na mchana tangu Julai 2022, na mwanajeshi akibonyeza 1 anaunganishwa na watu wanaojua mambo ya jeshi. Alipiga usiku uleule. Asubuhi akaenda kwa kasisi wa jeshi. Binti yetu ni Mwislamu na kasisi yule ni Mkristo, lakini kazi yake ni kumsikiliza yeyote, na anachoambiwa kwa faragha hakipeleki kwa wakubwa. Yeye ndiye aliyemsindikiza kwa mshauri wa afya ya akili.

Jambo lingine lililompunguzia uzito lilikuwa kujua kwamba kufeli shule ile si kufukuzwa jeshini. Wengi wanaotoka hupangiwa kazi nyingine ya ubaharia. Nilimwambia mimi na mama yake tutamvalia nguo za sikukuu hata akipangiwa kupika. Akarudi darasani, akapita. Hakupita kwa alama za juu, na sisi hatukuzihitaji.

Miezi michache baadaye bibi alifariki Muheza. Mzazi mwenye wazee nyumbani Afrika alijue hili kabla halijafika: ukiwa Marekani, unapiga simu Msalaba Mwekundu wa Marekani, wana huduma ya kufikisha habari za dharura kwa wanajeshi saa zote. Wanataka jina kamili la mwanajeshi, cheo, tarehe ya kuzaliwa, kituo chake, na mtu wa kuthibitisha msiba. Kwetu aliyethibitisha ni daktari wa hospitali alikofia bibi. Mkuu wa kikosi ndiye anayeamua ruhusa, na hapo maelezo kwamba bibi ndiye aliyemlea, ambayo tayari yalikuwa kwenye ile fomu ya kibali, yalisaidia. Nililiomba kundi la ukoo lizuie picha na rambirambi kwa saa chache, wakakubali wote. Msimamizi wake akamwita ofisini, akamkalisha, akamwambia ana kwa ana. Mazishi yetu hayasubiri, hivyo hakuwahi kumzika. Alipewa siku chache, akaja Houston, tukasoma hitma pamoja na watu wa Muheza kwa simu.

Sehemu ya mwisho, ya kinu halisi, hufanyika New York karibu na Ballston Spa, au palepale Charleston kwenye nyambizi za zamani zilizofungwa gatini, kama La Jolla na San Francisco. Yeye alibaki Charleston. Zamu ni za saa kumi na mbili na zinazunguka, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Mke wangu, mzoefu wa zamu za usiku, ndiye aliyemfaa zaidi hapo: pazia zito la dirisha, kutokunywa kahawa mwisho wa zamu, kula kabla ya kulala hata kama ni uji. Nikapunguza kupiga simu, nikawa namtumia ujumbe wa sauti ausikilize atakapoamka. Tulimtumia boksi lenye viungo vya pilau, achari na kashata, na wenzake wa zamu wakawa wanauliza la pili linakuja lini.

Sasa tuna kundi dogo letu la Kiswahili, pamoja na lile la Wamarekani: mimi na mke wangu, baba mmoja wa Kenya aliyeko Georgia, na mama wa Bukavu aliyeko Kentucky. Yule mama aliingia kwa kusema, "Mutoto yangu ananyamaza sana, sijue kama ni masomo ao ni mimi." Masharti yetu ni yaleyale ya kundi kubwa: hakuna majina, hakuna tarehe, na mtu akiandika saa nane usiku anajibiwa saa nane usiku. Dereva wa lori na mhudumu wa zamu ya usiku hawakosekani.

Binti yetu anasubiri kupangiwa meli. Anataka nyambizi, ambako askari wa kike wa vyeo vya chini walianza kupokelewa mwaka 2016. Mama wa Bukavu mwanawe anaingia kwenye kinu mwezi ujao, na mke wangu ameshamwandikia habari za pazia na uji.